Njia ya Mlimani: Somo juu ya Kuwasaidia Walio Mbali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu mmoja ameuliza katika darsa: Je, ni kazi ya dini kwa Muislamu kutoa mali yake, au kutoa siku zake, kwa ajili ya watu wa vijiji vya milima ya Himalaya, ambao hatuwajui, na wengi wao si wa dini yetu, ilhali hapa petu pana masikini wa kutosha? Na ndugu mwengine akaongeza: Na hao wanaojitolea kwenda huko, je, huwafaa watu kweli, au huenda wakapigwa picha na kurudi? Masuali haya mawili ni mazuri, wala hayajibiwi kwa neno moja. Kwa hivyo tumeona yapasa kuyafanyia somo zima, ili kila mmoja wetu ajue ni nini anachotakiwa akitoe, na kwa njia gani.

NCHI YENYEWE NA WATU WAKE

Himalaya ni safu ya milima iliyonyoka kadiri ya kilomita 2,400, ikipita katika Pakistan, Bara Hindi, Nepal, Bhutan na Tibet. Kilele chake cha juu, Everest, kina mita 8,849. Katika mabonde yake na milima inayopakana nayo wanakaa Waislamu wa Kashmir, wa Kargil na wa Baltistan, wanakaa Wahindu, na wanakaa Mabudha wa Ladakh na wa kabila la Sherpa. Wote hawa, pamoja na kukhitilafiana dini na lugha, shida yao ni moja.

Vijiji vingi vya huko havifikiwi na gari. Mzigo huchukuliwa mgongoni mwa mtu, au juu ya nyumbu, au juu ya yule ng'ombe wa manyoya marefu aitwaye yak. Wakati wa baridi theluji huziba njia za juu ya milima, na kijiji huwa kama kisiwa kisichokuwa na chombo. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa na mambo yakaenda kombo, hana budi kuchukuliwa na wanaume kwa zamu, huenda siku nzima au zaidi, mpaka apatikane tabibu. Nyumba hufungwa madirisha kwa ajili ya baridi, na moto wa kuni au wa mavi makavu huwaka ndani, moshi ukawaumiza macho na vifua wanawake na watoto. Ama maji, yako. Lakini yako juu katika barafu, au yako chini kabisa bondeni, na wa kuyateka ni mwanamke.

Fauka ya hayo, hewa yenyewe ni haba. Kijiji cha Khumjung, katika Nepal, kiko kadiri ya mita 3,790 juu ya usawa wa bahari, na pumzi moja ya huko haifikii thuluthi mbili za hewa tuivutayo sisi hapa pwani. Mgeni akipanda kwa pupa huumwa na kichwa, hutapika, na huenda maji yakamjaa mapafuni au ubongo ukamvimba, akafa. Wajuzi wa milima wameweka kanuni: mtu akishapita mita 3,000, mahali alalapo usiku huu pasizidi mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na akiona dalili za ugonjwa asipande tena, na zikizidi ashuke.

Tumeanza na jambo hili makusudi. Mtu aliyekwenda kusaidia, akaugua kwa haraka zake, hupakiwa juu ya nyumbu yule yule aliyekuwa achukue unga, na wanaume wa kijiji huacha mashamba yao wakamtelemsha. Alikusudia kuwa msaada, akawa mzigo. Nia njema alikuwa nayo, ila elimu hakuwa nayo. Basi lihifadhi neno hili, ndugu msomaji, kwani ndilo mzizi wa somo letu: katika kuwasaidia watu, nia bila ya elimu haitoshi.

HUKUMU YA KUTOA

Sasa tulijibu suali la kwanza. Hapana budi kupambanua baina ya zaka na sadaka. Zaka ni fardhi, na watu wa kupewa wametajwa katika Suratut Tawba, makundi manane. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wanasema kwamba zaka haipewi asiyekuwa Muislamu, na kauli mashuhuri katika madhehebu ni kwamba haihamishwi kutoka mji wake kwenda mji mwengine maadam wenye haki wapo hapo. Kwa hivyo aliyesema kwamba masikini wa hapa wana haki amesema kweli: zaka yako ni yao, na kuwapunguzia ukaipeleka mbali kwa kupenda jina ni kuwadhulumu.

Ama sadaka ya khiari, mlango wake ni mpana. Hupewa aliye karibu na aliye mbali, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, maadam ni mhitaji na si mwenye kupigana nasi. Suratul Mumtahina imeeleza wazi kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa sababu ya dini. Na Bibi Asmaa, binti wa Abubakar, alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mama yake, aliyekuwa bado mshirikina na amemjia kwa haja, aliamrishwa amwunge. Na Suratul Insan imewasifu watu waliolisha masikini, yatima na mateka. Na mateka wa zama zile walikuwa ni makafiri waliotekwa vitani. Ikiwa aliyetoka kukupiga vita hulishwa akiwa hana uwezo, itakuwaje mkulima wa mlimani ambaye hajakudhuru kwa lo lote?

Basi jawabu ni hii: zaka na ibaki kwa wenyewe, na sadaka na ivuke milima. Hakuna ugomvi baina ya mambo mawili haya ila kwa mtu anayemtaja masikini wa jirani ili asimpe wa mbali, na kisha wa jirani pia hampi.

ULIZA KABLA YA KUTOA

Tuje katika suali la pili. Wahenga wetu wamesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hili ndilo sharti la kwanza la msaada, na mfano wake mzuri unapatikana katika kijiji kile cha Khumjung tulichokitaja.

Edmund Hillary, mtu wa New Zealand, alifika juu ya kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, pamoja na Tenzing Norgay wa kabila la Sherpa. Akapata jina duniani kote. Angeweza kuridhika na jina lake. Lakini alipokuwa huko tena katika mwaka 1960 na 1961 aliwauliza Masherpa ni kitu gani wanachokitaka awafanyie. Hawakuomba fedha, wala nguo, wala chakula. Waliomba skuli. Basi mwaka 1961 ikafunguliwa skuli ya Khumjung, na mwalimu wake wa kwanza akatafutwa katika Masherpa wenyewe. Baada yake zikafuata skuli zaidi ya 20 katika vijiji vingine, na hospitali mbili, ya Kunde mwaka 1966 na ya Phaplu baadaye. Wanakijiji walitoa mikono yao na migongo yao, na wageni wakatoa mabati, misumari na ufundi.

Angalieni matunda yake. Mingma Norbu, mmoja katika wanafunzi wa mwanzo wa skuli ile, alikuwa ndiye Msherpa wa kwanza kusimamia hifadhi ya taifa ya nchi yake mwenyewe. Na msaidizi mmoja wa hospitali ya Kunde, naye ni Msherpa, alikwenda Fiji akasomea udaktari, kisha akarudi akawa mkuu wa hospitali ile ile.

Mwaka 1975 Hillary alipokuwa katika kazi ya kujenga hospitali ya Phaplu, mkewe na binti yake mdogo walipanda ndege ndogo mjini Kathmandu ili wamfuate, ndege ikaanguka, wakafa wote wawili. Hospitali ilimalizwa. Mtu huyu hakuwa wa dini yetu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, popote aionapo huiokota. Na sisi tunaofundishwa subira tangu utotoni tuna haki ya kujiuliza: ni wangapi katika sisi walioacha kazi ya kheri kwa sababu ya neno moja tu walilosengenywa?

MADHARA YATOKAYO KATIKA WEMA

Hata hivyo tusidhani kwamba kuuliza peke yake kunatosha. Mwaka 1964 kilitengenezwa kiwanja cha ndege cha Lukla ili vifaa vya kujengea vifike kwa wepesi. Na yasemekana Masherpa walishikana mikono wakacheza ngoma juu yake ili udongo ushindiliwe. Kiwanja kilifaa. Lakini njia iliyopitisha mabati ilipitisha na watalii pia, maelfu kwa maelfu, na kila msafara ukataka kuni za kupikia na za kuota moto. Miti ambayo katika baridi ile huchukua miaka mingi kukua ikakatwa. Ndipo ikawa lazima kuweka hifadhi, mwaka 1976, na kupanda miche kwa mikono penye misitu iliyokuwepo zamani bila ya kupandwa na mtu.

Wanavyuoni wa sheria wana kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Mwenye kutoa msaada hana budi kuangalia si leo tu, bali na kesho itakayozaliwa na leo yake.

CHUMVI NA AKILI ZA WATOTO

Sharti la pili ni elimu ya sababu. Katika vijiji vile vya Masherpa wageni wa mwanzo waliona watu wengi wenye marovu makubwa shingoni, na wakaona watoto waliozaliwa viziwi, wafupi, wazito wa akili. Wenyeji walikuwa wamezoea, wakiona ndiyo ada ya maumbile. Mtu wa huruma isiyo na elimu angeliwagawia mablanketi.

Lakini matabibu walijua chanzo chake. Mwili wa binadamu unahitaji iodini, ambayo wengine huiita madini joto, kwa kiasi kidogo mno. Sisi watu wa pwani huipata katika samaki bila ya kujua. Huko milimani mvua na barafu zimeuosha udongo kwa karne nyingi, iodini ikachukuliwa na mito hata baharini. Na chumvi waliyokuwa wakila, iliyotoka Tibet, haikuwa nayo ya kutosha. Mama mwenye mimba akiikosa, ubongo wa mtoto hauumbiki sawasawa, na akishazaliwa hivyo hakuna dawa ya kumrudisha. Mwaka 1966 watu wa bonde lile walipigwa sindano za mafuta yenye iodini, ambazo moja yake hutosha kwa miaka kadha. Na baadaye chumvi iliyotiwa iodini ikawa ndiyo inayoingia nchini. Maradhi yale yakapungua hata kuzaliwa kwa mtoto wa namna ile kukawa ni jambo la nadra.

Sindano moja, na chumvi ya senti chache. Wala hakuna picha ya kupendeza katika chumvi! Hakuna mfadhili anayesimama mbele ya gunia la chumvi akapigiwa makofi. Lakini mtoto aliyekuwa azaliwe bubu, leo anasoma. Suratul Maun inawaonya wenye kusali kwa kujionyesha, kisha wakanyima vitu vidogo vya matumizi. Na wafasiri miongoni mwa masahaba wamevitaja vitu hivyo kuwa ni kama ndoo, na shoka, na chungu. Kitu kidogo kinachohitajiwa ni bora kuliko kikubwa kisichohitajiwa.

MTETEMEKO WA MWAKA 1426

Tarehe 8 Oktoba 2005, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1426, kiasi cha saa tatu kasorobo ya asubuhi, ardhi ilitetemeka katika Kashmir na sehemu za kaskazini ya Pakistan. Miji ya Muzaffarabad na Balakot ilibomoka, na watoto wengi walifukiwa chini ya skuli zao wakiwa madarasani. Waliokufa walipindukia 73,000. Waliobaki bila ya nyumba walihesabiwa kwa mamilioni, na baridi ya mlimani ilikuwa karibu kuingia.

Waislamu wa Pakistan waliinuka kama mwili mmoja. Watu wa mijini walijaza malori, vijana wakaenda kwa miguu pale barabara zilipozibwa na maporomoko, wakafukua kwa mikono, nao wamefunga saumu. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini lilionekana na jambo jingine. Nguo kuukuu zilifika nyingi kupita haja, nyingine nyepesi zisizofaa kwa theluji, zikarundikwa kando ya barabara zikinyeshewa mvua, ilhali vijiji vya juu havina kitu cha kujifunikia. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alitoa alichokuwa nacho kabatini, na akakifikisha pale lori lilipoishia.

Kilichookoa watu wengi katika baridi ile ni kitu chengine: mabati, misumari, nyundo na misumeno, vilivyopandishwa kwa nyumbu, kwa migongo na kwa helikopta, ili kila jamaa ijijengee chumba kimoja chenye joto kwa mbao za nyumba yake iliyoanguka. Wengi waliogopa kwamba theluji ingeua watu wengine maelfu baada ya mtetemeko. Kwa fadhila za Mungu hofu ile haikutimia.

Kisha ukaja ujenzi wa kudumu. Serikali haikuwajengea watu nyumba. Iliwapa fedha kwa mafungu, rupia 175,000 kwa nyumba iliyobomoka kabisa, fungu kwa fungu kila hatua ikikaguliwa, na mafundi wakafundishwa namna ya kujenga nyumba isiyoua. Na hapa pana zingatio. Miongoni mwa namna zilizokubaliwa ni ile ya wazee wao wa kale, iitwayo dhajji, ambayo ni fremu ya mbao zilizopasishwa kwa wingi, na matundu yake yakajazwa mawe madogo na udongo. Nyumba hizo zilitikisika zikasimama, ilhali nyumba nyingi za mawe mazito na za zege mbovu ziliwaangukia wenyewe. Mtu wa pwani anayeijua nyumba ya boriti na fito atafahamu upesi siri yake. Nyumba zaidi ya 400,000 zilijengwa upya kwa mikono ya wenyewe. Elimu ya kuwaokoa ilikuwa kwao tangu zamani. Kilichohitajiwa ni mgeni mwenye adabu ya kuitazama kabla ya kuidharau.

AMANA

Sharti la tatu ni amana. Katika Baltistan, nchi ya Waislamu, alifika mwaka 1993 mpanda milima wa Marekani, Greg Mortenson, naye akaahidi kujenga skuli katika kijiji cha Korphe. Skuli ilijengwa, na nyingine baada yake, na watoto wakasoma, wasichana kwa wavulana, hilo halikanushwi. Akaandika kitabu, kikatoka mwaka 2006, kikanunuliwa na mamilioni, na fedha zikamiminika. Lakini mwaka 2011 waandishi walitilia shaka hadithi zake na hesabu zake. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana, baada ya kuchunguza, alieleza kwamba jumuiya ile iliendeshwa vibaya na kwamba fedha zake zilitumika katika mambo ya mtu binafsi. Na Mortenson akakubali kurudisha kadiri ya dola milioni moja. Hakushitakiwa kwa jinai. Lakini aliyeumia ni nani? Ni mtoto wa kijiji kinachofuata, ambaye mfadhili wake amekata tamaa akafunga mfuko.

Hatulitaji jambo hili ili tumcheke mtu mgeni. Tunalitaja kwa sababu mwanzo wake haukuwa ubaya. Mwanzo wake ni hadithi nzuri kupendwa kuliko hesabu nzuri. Nasi pia twapenda hadithi. Twatoa tukililia picha, wala hatuulizi risiti. Na anayeuliza twamwona ana ubaya. Basi na tujue kwamba kuuliza hesabu si kumtuhumu mwenye amana, bali ni kumlinda na shetani.

KAZI IBAKI MIKONONI MWAO

Sharti la nne, nalo ndilo la mwisho, ni kwamba msaada mwema ni ule unaomwezesha mtu kuwa hakuhitaji tena.

Katika Ladakh mvua ni haba, na wakulima hutegemea maji ya barafu. Taabu yao ni kwamba mbegu hutaka maji mwanzo wa majira ya joto, na barafu ya vileleni huyeyuka baadaye. Mhandisi mmoja wa nchi hiyo hiyo, Chewang Norphel, tangu mwaka 1987 alibuni njia: maji yanayopita bure wakati wa baridi yageuzwe yaingie mahali penye kivuli, yazuiwe kwa kuta za mawe, yagande hapo karibu na kijiji. Kwa kuwa ni chini kuliko vilele, barafu hiyo huyeyuka mapema, wakati mkulima anapoitaka. Vifaa ni mawe na mabomba, na wajenzi ni wanakijiji. Mtu aliyekuwa akiyatazama maji tangu utoto ndiye aliyeona wasichokiona wageni.

Na kule Tilonia, katika Rajasthan, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 ambacho huwachukua wanawake wa vijijini, wengi wao ni mabibi wasiojua kusoma, wakafundishwa kwa rangi na ishara kuunganisha taa za umeme wa jua na kuzitengeneza zinapoharibika. Kazi hii imefika vijiji vya Ladakh. Kila nyumba hutoa kila mwezi kiasi kidogo, kadiri ya ile iliyokuwa ikinunulia mafuta ya taa, na kwacho hulipwa fundi. Taa ikizimika, hangojwi mgeni kutoka mjini. Wala jambo hili si geni kwa pwani yetu ya Afrika: wanawake wa vijiji vya Unguja nao walikwenda Tilonia wakajifunza, na chuo cha namna hiyo kikafunguliwa Kinyasini. Ikiwa bibi wa Unguja na bibi wa Ladakh wamekaa benchi moja la ufundi, nani atasema kwamba milima ile haituhusu?

Seyyidna Uthman aliponunua kisima cha Ruma hakugawa ndoo za maji kwa siku moja ya sifa. Alikifanya wakfu, watu wakanywa hata baada yake. Huo ndio msaada unaobaki.

KHATIMA

Katika Suratul Balad Mwenyezi Mungu amelitaja neno *aqaba*, ambalo maana yake ni njia ngumu ya kupanda mlima, akaeleza kwamba njia hiyo ni kumwacha huru mtumwa, na kulisha katika siku ya njaa yatima wa jamaa au masikini aliyelala mavumbini. Kisha mtu awe katika walioamini, wanaousiana subira na kuhurumiana. Angalieni kwamba kulisha hakukutajwa peke yake. Pamoja nako imetajwa subira, na imetajwa huruma. Kuna watu hupanda mlima wa mawe wasipande huu. Na kuna mzee ameketi Lamu au Malindi, hakupata kuiona theluji, naye ameshaupanda.

Na nani atuonyeshe namna yake kuliko Seyyidna Umar? Usiku alimkuta mwanamke ametereka chungu cha maji matupu, ili watoto wadhani ni chakula wapate usingizi. Alirudi mwenyewe kwenye ghala, akabeba mwenyewe unga na samli, akamkatalia Aslam kumpokea mzigo, kwani siku ya Kiama hatamchukulia. Akapika, akapuliza moto hata moshi ukapita katika ndevu zake. Wala hakuondoka watoto waliposhiba. Alingoja mpaka akawaona wanacheka. Na mama yao hakumjua ni nani. Hapo mna masharti yote: alikwenda akaona, akaleta kilichotakiwa, akakaa mpaka kazi ikatimia, na jina lake hakulitaja.

Basi ndugu yangu, kabla ya kutia shilingi yako katika mfuko wa msaada, uliza mambo manne. Wenyewe wamesemaje? Sababu ya shida inajulikana? Hesabu itaonyeshwa? Na wageni wakishaondoka, kazi itabaki kwa nani? Ukijibiwa vyema, toa, wala usitazame umbali. Na kijana anayetaka kwenda mwenyewe na asome kwanza kazi yenye manufaa, uuguzi au ufundi wa maji au wa nyumba, apande polepole, na aendako awe mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji akutumikie.

Na masharti haya haya tuyapime katika sadaka zetu za nyumbani. Ni mara ngapi tumemjengea masikini tukitakacho sisi? Ni mara ngapi mali imekwisha katika karamu za matanga, na nyumba ya pili yake mtoto mgonjwa hana nauli ya hospitali?

MASUALI YA DARSA IJAYO

1. Ni ipi tafauti ya zaka na sadaka katika kupelekwa mbali na kupewa asiyekuwa Muislamu?
2. Kwa nini chumvi ilifaa kuliko mablanketi katika vijiji vya Masherpa?
3. Nguo za mwaka 2005 na mabati ya mwaka 2005: vyote vilitolewa kwa nia njema. Kilichovitenga ni nini?
4. Taja msaada mmoja uliotolewa mtaani petu bila ya wenyewe kuulizwa, na ueleze ulikwisha vipi.

Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi katika kutoa, na elimu kabla ya kutoa, na awafariji wote walio katika dhiki, mlimani na pwani. Amin.